Klabu za vikosi zapaswa kuwa na ikama

TUNAANDIKA safu hii tukiwa Simbo, katika Wilaya ya Kigoma, ambako mpenzi wa mpira anayetaka kuona mchezo wa Ligi Kuu kwa macho yake mwenyewe hana budi kupanda pikipiki au daladala hadi mjini, kisha asimame mstarini mbele ya lango la Uwanja wa Lake Tanganyika. Nauli yake na kiingilio chake vimetoka katika mawese aliyokamua au dagaa aliowaanika. Kwa miaka mingi safari ya namna hiyo ilikuwa ya nadra. Ilianza kuwa ya kawaida mwaka 2023, wakati Mashujaa, klabu ya Jeshi la Wananchi wa Tanzania yenye makao yake Kigoma, ilipoishinda Mbeya City katika michezo ya mchujo na kupanda Ligi Kuu.

Watu wa Kigoma hawatasahau upesi Aprili 2024, Mashujaa walipoitoa Simba katika Kombe la Shirikisho kwa mikwaju ya penalti, hapo hapo Lake Tanganyika. Wala hawajasahau Julai 25, 2021, uwanja huo ulipopokea fainali ya kombe hilo hilo kati ya Simba na Yanga, na Simba wakashinda kwa bao 1-0. Siku zile mazungumzo yalikuwa ya mabao na makipa. Sisi leo twataka kuwazungumzia watu ambao majina yao hayasomwi katika kipaza sauti: aliyehesabu jezi na viatu, aliyetafuta mahali pa kulala timu, aliyepeleka leseni za wachezaji kwa kamishna wa mchezo, aliyekubaliana na polisi lango lipi lifunguliwe na saa ngapi, na aliyehakikisha kwamba gari la wagonjwa limefika kabla ya watazamaji.

Watu hao kwa pamoja ndio idara ya uendeshaji wa klabu. Hoja yetu ni kwamba katika klabu zinazomilikiwa na vyombo vya umma, mara nyingi idara hiyo haipo kama idara. Yapo majina ya watumishi waliopewa kazi hizo juu ya kazi zao nyingine, na barua moja ya uhamisho yatosha kumwondoa mmoja wao pamoja na yote anayoyajua. Klabu inabaki na funguo za bohari, haibaki na mtu anayejua kilichomo.

Ndugu zetu wa Unguja na Pemba wasidhani kwamba tunazungumza mambo ya ziwani peke yake. Kama kuna mahali ambapo klabu za vikosi zimeota mizizi katika mpira, ni visiwani. KMKM, JKU, KVZ, Mafunzo na Zimamoto ni majina ambayo mtoto wa shule wa Mjini Magharibi anayajua kabla hajajua maana ya kila herufi. Bara nako kuna Mashujaa, JKT Tanzania na Tanzania Prisons, bila kuzihesabu zile zilizozaliwa na halmashauri kama KMC ya Kinondoni, Dodoma Jiji na Pamba Jiji ya Mwanza. Timu ya Unguja inayokwenda kucheza Gombani huvuka bahari, na timu ya Kigoma inayokwenda pwani huvuka nchi nzima. Shida zao za uendeshaji ni ndugu wa tumbo moja, na mwajiri wao ni wa namna moja.

Twapenda tuwe wa haki kwa mwajiri huyo. Mchezaji wa klabu ya kikosi ana mshahara usiosubiri mapato ya mlangoni. Akiumia goti, ana hospitali. Akimaliza umri wa kucheza, ana kazi. Wangapi kati ya nyota wetu wa zamani, waliochezea klabu za wanachama na kushangiliwa na maelfu, wangeweza kusema hivyo? Nidhamu ya kambi nayo si jambo dogo katika mpira. Kwa hiyo hatuungani na wale wanaosema kwamba vikosi viondoke katika ligi ili nafasi wapewe wafanyabiashara. Tumeyaona mashirika yakiondoka. Reli ya Morogoro, Ushirika ya Moshi na RTC ya Kagera zilikuwa timu za kuogopwa, na shirika lilipoyumba au kubadilishwa, timu haikuwa na mlango mwingine wa kugonga. Pamba ya Mwanza ilikaa nje ya Ligi Kuu kwa zaidi ya miaka 20, ikarudi mwaka 2024 ikiwa chini ya Halmashauri ya Jiji. Kikosi cha ulinzi hakifilisiki, na hiyo ni neema. Lakini neema ya kutofilisika ina kasoro yake: hakuna anayelazimika kuuliza kazi inafanywaje, maana mwisho wa mwezi mshahara unaingia vile vile.

Hebu tuitazame kazi yenyewe. Katika ligi ya timu 16 kila klabu husafiri mara 15 kwa msimu. Kwa klabu ya Dar es Salaam, baadhi ya safari hizo ni za kuvuka daraja na kurudi nyumbani jioni. Kwa klabu ya Kigoma hakuna hata moja iliyo ya karibu. Reli ya Kati kutoka Kigoma hadi Dar es Salaam ina urefu wa zaidi ya kilomita 1,200, na timu inayokwenda Mbeya, Lindi au Tanga ina siku za barabarani zinazoweza kula mazoezi yote ya wiki. Basi liondoke saa ngapi ili dereva asiendeshe akisinzia? Wachezaji wale wapi, maana mchezaji aliyekula chakula kibovu njiani ameshafungwa kabla ya filimbi? Masurufu yaombwe lini ili fedha itoke kabla ya safari na si baada yake? Mwalimu wa timu hawezi kuyashughulikia hayo, na akiyashughulikia basi ameacha kufundisha. Benchi la ufundi na idara ya uendeshaji ni vitu viwili, ingawa katika klabu nyingi meneja wa timu amekuwa yote mawili, tena na mweka hazina na mpiga simu.

Tuliwahi kuishuhudia timu ya taasisi moja, ambayo hatutaitaja, ikifika ugenini na jezi za rangi moja tu, na rangi hiyo ilikuwa ile ile ya wenyeji. Mtunza vifaa aliyeizoea kazi alikuwa amehamishwa wiki mbili kabla. Aliyeshika nafasi yake alikabidhiwa funguo, hakukabidhiwa daftari. Seti ya pili ilikuwepo bohari, imefungwa ndani ya sanduku lililoandikwa jina la mashindano mengine kabisa. Wageni wakacheza kwa vizibao vya mazoezi walivyoazimwa na wenyeji, mchezo ukachelewa kuanza, na kijana yule mgeni wa kazi ndiye aliyebebeshwa lawama zote. Wazee wetu walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Pale mali haikupotea, ililala usingizi sandukuni, lakini kwa timu iliyokuwa uwanjani tofauti haikuonekana.

Jezi ni jambo la kucheka. Hesabu ya kadi si ya kucheka. Aprili 2017 Simba ilifungwa na Kagera Sugar, kisha ikalalamika kwamba beki mmoja wa Kagera alicheza ilhali alikuwa na kadi tatu za njano. Kamati moja ikaipa Simba pointi tatu, na kamati nyingine ikazirudisha Kagera. Msimu huo ulipofungwa, Yanga na Simba zote zilikuwa na pointi 68, na Yanga ikatwaa ubingwa kwa tofauti ya mabao. Wasomaji wapime wenyewe. Ubingwa wa nchi ulikuwa umening'inia katika swali la ofisini: je, kadi ile ya njano ilitolewa au haikutolewa, na nani aliiandika? Klabu yenye mtu mmoja ambaye kazi yake ni kuandika kadi za kila mchezo, akalinganisha daftari lake na taarifa ya mwamuzi kila wiki, haipati usingizi wa mashaka. Klabu ambayo kazi hiyo huifanya yeyote aliyekuwepo siku hiyo itaokolewa na bahati, mpaka siku bahati itakapochoka.

Tunakuja kwenye lango. Jioni ya Machi 7, 2025 Simba ilifika Uwanja wa Benjamin Mkapa kufanya mazoezi ya mwisho kabla ya mchezo wake na Yanga, ikasema kwamba ilizuiwa kuingia. Kanuni za ligi zinaipa timu ngeni haki ya kufanya mazoezi uwanjani kabla ya siku ya mchezo. Kesho yake Simba ikatangaza kutocheza, Bodi ya Ligi ikaahirisha mchezo, na watu waliokuwa wamekwisha safiri kutoka mikoani na kutoka visiwani wakabaki na tiketi mikononi. Mchezo ule haukuchezwa mpaka Juni 25, na Yanga ikashinda kwa mabao 2-0. Hatuingii katika ubishi wa nani alikuwa na haki pale langoni, maana umekwisha kula wino mwingi kuliko unavyostahili. Tunachotaka kionekane ni udogo wa chanzo. Saa ya mazoezi, jina la anayefungua lango, simu ya anayesimamia walinzi, na karatasi moja yenye sahihi za pande zote: hizo ni kazi za uendeshaji, na zikikosa mwenyewe mmoja anayejulikana, shughuli ya taifa zima husimama. Kama hayo yametokea kwa klabu mbili zenye ofisi, maofisa watendaji na wadhamini, yule anayedhani kwamba Kigoma au Wete hayawezi kutokea anajidanganya.

Na lango si la wachezaji tu. Mei 28, 2023, katika mchezo wa kwanza wa fainali ya Kombe la Shirikisho Afrika kati ya Yanga na USM Alger, msongamano katika uwanja ule ule ulimuua mtu mmoja na kuwajeruhi watu wapatao 30. Mtu huyo alitoka nyumbani kwenda kutazama mpira. Tungependa kila ofisa wa Serikali anayesoma safu hii atulie kidogo juu ya sentensi hiyo kabla ya kuendelea.

Waingereza, ambao hujiona walimu wa mchezo huu, walilipa bei kubwa zaidi kwa somo hilo hilo. Aprili 15, 1989, katika Uwanja wa Hillsborough mjini Sheffield, ulitokea msongamano uliowaua watu 97, ukihesabu na yule wa mwisho aliyefariki mwaka 2021 kwa madhara ya siku ile. Ofisa wa polisi aliyesimamia mchezo alikuwa amekabidhiwa kazi hiyo chini ya wiki tatu kabla, badala ya mwenzake aliyeuzoea uwanja ule. Mahakama ilimwona hana hatia mwaka 2019, na sisi si mahakama. Lakini katika kila uchunguzi uliofuata, swali la makabidhiano halikuacha kurudi: mtu mpya alielezwa nini na yule aliyemtangulia? Uhamisho ule ulikuwa wa kawaida, wenye barua na muhuri, kama unaofanyika katika nchi yetu kila mwezi. Uhamisho wa kawaida huwa wa hatari pale ujuzi wa kazi unapokaa kichwani mwa mtu, na haukuandikwa popote.

Hapa ndipo tunapofika kwenye neno ambalo maofisa wetu wanalijua kuliko sisi, yaani ikama. Hakuna hospitali ya wilaya inayofunguliwa bila orodha ya nafasi: waganga wangapi, wauguzi wangapi, mtunza stoo mmoja. Nafasi hubaki ingawa mtu ameondoka, na ikiwa wazi inaonekana kuwa wazi, mtu akaulizwa kwa nini haijajazwa. Klabu ya kikosi inayocheza ligi ya kulipwa yapaswa kuwa na karatasi ya namna hiyo, iliyoidhinishwa na chombo kinachoimiliki. Si lazima iwe ndefu. Mkuu wa uendeshaji mmoja, na chini yake watu wanaojua kwa maandishi nani ni wa safari na malazi, nani wa vifaa, nani wa usajili na kumbukumbu za wachezaji, nani wa uwanja, tiketi na usalama. Klabu ndogo yaweza kumpa mtu mmoja kazi mbili. Isichoweza kufanya ni kuiacha kazi moja bila mtu, wala kuwapa kazi moja watu watatu ambao kila mmoja atasema alidhani mwenzake ameifanya.

Wako watakaotuambia kwamba jambo hilo limekwisha malizika, kwani kanuni za leseni za klabu za Shirikisho la Mpira wa Miguu Afrika, zilizoletwa tangu mwaka 2012, zinadai vigezo vya aina tano: vya michezo, vya miundombinu, vya utumishi na uongozi, vya sheria, na vya fedha. Ni kweli. Katika kigezo cha utumishi klabu hutakiwa kutaja mtendaji wake, mtu wa fedha, ofisa habari, ofisa usalama, daktari na walimu wake. Lakini kutaja majina ni jambo moja, na kuwa na nafasi ni jambo jingine. Fomu ikishajazwa na kupigwa muhuri mwanzoni mwa msimu, aliyetajwa aweza kuhamishwa mwezi wa pili, na fomu isijue.

Klabu kubwa za wanachama zimejaribu njia yao. Desemba 2017 wanachama wa Simba walikubali mfumo wa kampuni, na mwekezaji Mohammed Dewji akapangiwa asilimia 49 ya hisa. Yanga nayo ikabadilisha katiba yake, na mwaka 2022 ikamchagua rais wake wa kwanza chini ya mfumo mpya. Zote mbili zikaajiri watendaji wa kulipwa, wengine kutoka nje ya nchi. Hata hivyo mwezi Agosti 2020 ofisa mtendaji mkuu wa Simba, Senzo Mazingisa wa Afrika Kusini, alijiuzulu na kujiunga na mahasimu wao Yanga. Ilikuwa haki yake kama mfanyakazi yeyote. Tunalitaja ili ieleweke kwamba fedha nazo hazimfungi mtu kiunoni. Tofauti ni kwamba klabu tajiri ikipoteza mtu hutangaza nafasi na kununua mwingine mwenye uzoefu, ilhali klabu ya kikosi hupokea yule aliyeletwa. Kwa sababu hiyo klabu ya kikosi ndiyo yenye haja kubwa zaidi ya daftari.

Kuna jambo jingine ambalo wengi huona haya kulisema, nasi tutalisema kwa heshima. Katika kambi, cheo ndicho kinachosema. Katika siku ya mchezo, kazi ndiyo yapaswa kusema. Ikiwa mtunza vifaa ni mkubwa wa cheo kuliko meneja wa timu, nani atamwambia mwenzake kwamba sanduku halijafungwa sawasawa? Ikiwa ofisa usalama wa klabu ameona kwamba jukwaa limejaa na lango lifungwe, halafu likaja gari la mkubwa mwenye wageni wake wanane wasio na tiketi, je, lango litafungwa? Sisi tuna jibu letu kwa yale tuliyoyaona katika viwanja vingi, bara na visiwani, na tunadhani wakubwa nao wanalo. Ikama tunayoiomba yapaswa kuandika wazi kwamba tangu saa malango yanapofunguliwa mpaka mtazamaji wa mwisho anapotoka, amri ya ofisa usalama juu ya malango haina mkubwa. Kama jeshi linavyomheshimu mlinzi wa zamu anayemsimamisha jenerali asiyetoa neno la siri, vivyo hivyo. Maofisa wa Serikali wangefanya jema kubwa kama wangekuwa wa kwanza kuonyesha tiketi.

Tunajua pingamizi itakayotolewa. Mtumishi asiyehamishwa, wanasema, huota mizizi na kugeuza ofisi kuwa shamba lake. Hofu hiyo si ya bure, maana tumewajua wahasibu wa viwanja waliokaa mpaka mapato ya mlangoni yakawa siri kati yao na mfuko wao. Kwa hiyo hatuombi watu wa milele. Tunaomba kwamba mtumishi aliyepangwa katika uendeshaji wa klabu asihamishwe katikati ya msimu isipokuwa kwa dharura ya kweli, akae misimu mitatu hivi, na wote wasiondoke mwaka mmoja. Anayeondoka akae na anayeingia kwa michezo miwili, mmoja wa nyumbani na mmoja wa ugenini, kabla ya kutia sahihi hati ya makabidhiano. Hati hiyo isiwe ya kuhesabu mipira tu. Iseme pia basi lilitengenezwa lini na nani, nyumba ya wageni ya Songea ilitudanganya nini mwaka jana, mchezaji gani hapaswi kula karanga, lango la mashariki lina bawaba mbovu, na daktari wa zamu hupatikana kwa namba ipi. Mambo madogo kama hayo hayafundishwi katika kozi yoyote.

Si kila nafasi iwe ya askari. Hapa Simbo, na Ujiji, na Mwanga, wapo vijana waliomaliza kidato cha nne na cha sita ambao wangefurahi kupata kazi ya siku za mchezo: kuongoza watu kwenye viti, kukagua tiketi, kuwasaidia wazee na walemavu, kuangalia njia za dharura zisizibwe na wauza maji. Klabu ikiwafundisha kwa msimu mmoja na kuwalipa kwa kila mchezo, itakuwa na watu ambao hakuna barua ya uhamisho inayowahusu, kwa sababu kwao ni hapa. Visiwani jambo hilo lingekuwa rahisi zaidi. Mei 25, 2025 Uwanja wa Amaan ulipokea mchezo wa pili wa fainali ya Kombe la Shirikisho kati ya Simba na RS Berkane ya Morocco, baada ya Uwanja wa Mkapa kuonekana haufai kwa hali ya nyasi zake. Mchezo wa watu 60,000 ukahamishiwa uwanja wa watu wasiozidi robo ya hao, kuvuka bahari, kwa muda mfupi. Agosti mwaka huo huo Amaan ikapokea michezo ya Mashindano ya Wachezaji wa Ndani ya Afrika. Waliosimama malangoni siku zile wamejifunza kazi kwa kiwango cha bara zima. Itakuwa hasara kama majina yao yamebaki katika orodha ya posho tu, wakati klabu za Unguja na Pemba zinaanza kila msimu na watu wapya.

Gharama yake? Hatuoni kwamba ni kubwa. Nafasi nyingi tulizozitaja zina watu wanaolipwa tayari, ila kwa cheo kingine. Kinachohitajika zaidi ni sahihi ya mkuu wa kikosi juu ya orodha, na ruhusa kwamba mkuu wa uendeshaji awe na fungu dogo la fedha analoweza kulitumia bila kungoja ngazi nne za idhini, naye alitolee hesabu kila mwezi mbele ya mkaguzi wa ndani. Timu iliyokwama Nzega na tairi lililopasuka haiwezi kusubiri kikao.

Baraza la Michezo la Taifa lililoundwa kwa sheria ya mwaka 1967, Bodi ya Ligi, na kwa upande wa visiwani Shirikisho la Mpira wa Miguu la Zanzibar, vina uwezo wa kuliuliza jambo hili bila kusubiri kanuni mpya. Wakati wa kupokea maombi ya leseni, wadai karatasi mbili zaidi kutoka kwa kila klabu ya umma: ikama ya idara ya uendeshaji iliyotiwa sahihi na mwenye mali, na nakala ya hati ya mwisho ya makabidhiano. Klabu isiyokuwa na karatasi ya pili ielezwe tarehe ya kuileta. Nasi waandishi tutaomba ruhusa ya kuzisoma, tukianza na ya Kigoma, kwa kuwa iko karibu nasi na kwa kuwa tunaipenda timu yenyewe.